Arosto ikiisha, ugonjwa bado upo

Familia nyingi Dar es Salaam, Tanga na Unguja hutibu uraibu wa heroini kwa kufuli. Kijana anafungiwa chumbani wiki nzima, anatapika, anaharisha, anatetemeka, kisha anatoka kaoga, anakula vizuri, na ndugu wanamshukuru Mungu. Mwezi haujaisha karudi maskani, na lawama zote zinamwangukia yeye: hana msimamo.

Wamechanganya arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini, na ugonjwa wenyewe. Arosto ya heroini huanza masaa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hupamba moto siku ya 2 au ya 3, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki. Ubongo haufuati kalenda hiyo. Heroini ikiingia humo hugeuka mofini na kuachia dopamini kwa wingi, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili lisisahaulike. Kwa hiyo ubongo unahifadhi kila kilichokuwa karibu: kona fulani, harufu, sauti ya mshikaji, hata noti za mshahara mkononi. Miezi baadaye kimojawapo kikitokea, hamu inawaka kabla mtu hajafikiri.

Si kila anayeonja hunasa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ni ya kurithi. Umri nao una neno: sehemu ya ubongo inayozuia pupa hukomaa karibu na miaka 25, kwa hiyo aliyeanza na miaka 15 anapigana bila ngao. Ongeza sonona, au kipigo na ubakaji wa utotoni. Ongeza pia upatikanaji. Heroini huku kwetu mara nyingi huingia kwa kokteli, msokoto wa bangi uliotiwa unga (heroini yenyewe), na anayepokea huenda hajui anavuta nini.

Kufuli lina hatari inayosahaulika. Baada ya wiki kadhaa bila unga (iwe chumbani, jela au soba hausi, nyumba ya kuachia dawa za kulevya) mwili hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kile kile, pumzi inaweza kukata. Ukimkuta haamki, anakoroma au anapumua kwa nadra, mboni zimesinyaa na midomo imekuwa ya bluu, mpulizie pumzi kama unajua, mlaze ubavu akianza kupumua, na mkimbizeni hospitali apewe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini. Maziwa na maji ya baridi havisaidii.

Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini na kuzuia arosto, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Kwa kawaida huanza na miligramu 20 hadi 30 kwa siku, hunywewa mbele ya mhudumu, na huongezwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Dawa hii hujilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa, ndiyo maana kuharakisha dozi wiki za mwanzo kunaweza kuua, na kuichanganya na pombe au Valium (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) kunaweza kuua vilevile.

Mgonjwa akianzishiwa dawa za TB zenye rifampisini, kliniki ya methadoni iambiwe siku hiyo hiyo. Rifampisini hulifanya ini liichome methadoni haraka, arosto inarudi, naye anaambiwa anadanganya ili aongezewe. Anahitaji kuongezewa kweli. Rifampisini ikisimama, dozi ishushwe hatua kwa hatua katika wiki zinazofuata, la sivyo kiasi kilichokuwa kinamtosha kitamzidi.