Kutoa tairi la nyuma la pikipiki uani

Mtaani kwetu Kihonda, Morogoro, tairi la mbele la pikipiki kila mtu anajitia fundi, ila la nyuma linaogopwa kwa sababu ya cheni na breki. Mimi la nyuma ndilo nalipenda. Ukishalitoa unaona brekishuu (vile vipande vinavyobana dramu ya breki kwa ndani) zimebaki kiasi gani, mipira ya habu, yaani kitovu cha tairi, imepondeka au bado, beringi inakwaruza au inateleza.

Yangu ni ya Kihindi, cc 150, breki ya nyuma ya dramu. Nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, nailegeza kabla sijaipandisha pikipiki kwenye stendi ya kati; ukiivuta kwa nguvu ikiwa juu, itakulalia. Nati ya fimbo ya breki, ile inayotoka kwenye pedali, nikishaifungua nairudishia papo hapo kwenye fimbo pamoja na springi yake, maana mchanga wa uani unameza vitu. Halafu nafungua kile chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke.

Ekseli ikigoma, acha nati iwe sawa na ncha, weka kipande cha mti, gonga taratibu. Kuna mafundi wanapiga nyundo tupu, nyuzi za ekseli zinalala, kisha wanakuambia ekseli ilikuwa mbovu!

Vitu navipanga kwenye gunia kwa mfuatano vinavyotoka. Mdogo wangu bado huuliza, "Kaka, hii bushi ya upande gani?" Tazama gunia, mdogo wangu. Tairi nalisukuma mbele, cheni inalegea, naitoa kwenye sproketi, lile gurudumu la meno. Vumbi la breki silipulizi. Nalifuta kwa kitambaa kibichi.

Kurudisha ndiyo kazi yenyewe. Ekseli inapakwa grisi nyembamba, mdogo wangu ananyanyua tairi kwa mguu aliouweka chini yake, mimi nasukuma. Alama za kurekebishia cheni zilingane kulia na kushoto, la sivyo tairi linakaa upande na meno ya sproketi yanalika. Cheni naiachia mchezo wa kupanda na kushuka wa sentimita 2 hadi 3 katikati, upande wa chini.

Kabla sijakaza nati ya mwisho narudisha fimbo ya breki, mdogo wangu anakanyaga pedali na kuishikilia. Hapo brekishuu zinajiweka katikati ya dramu zenyewe, ndipo nakaza. Ile pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke naweka mpya. Ya zamani ikikunjwa mara ya pili inakatika. Kisha napima cheni tena, kwa sababu kukaza nati huivuta, na mwisho narekebisha breki mpaka tairi lizunguke bila kusugua.