Nilivyouelewa uga wastani kupitia sehemu inayotupwa

Nikisoma fizikia ya takwimu Chiromo, hapa Nairobi, sikutaka kuishia kuitumia fomula ya uga wastani, yaani nadharia inayoweka uga mmoja wa wastani mahali pa jirani wote: m = tanh(zJm/kT). Hapo m ni wastani wa usumaku, T ni joto na k ni kima cha Boltzmann; z na J zinakuja hapa chini. Nilitaka kujua inatoka wapi na inavunjikia wapi.

Katika modeli ya Ising, ambayo ni modeli sahili ya sumaku, spini (visumaku vidogo) hupangwa kwenye kimia, yaani gridi inayojirudia, kila moja ikiwa +1 au −1, na kila jozi ya jirani huchangia nishati −J zikilingana, +J zikipingana. Ugumu ni kwamba spini hutegemea jirani zake, nazo hutegemea jirani zao, bila kikomo.

Usiku mmoja chumbani Ngara niliandika kila spini kama wastani m kuongeza mchepuko wake, kisha nikazidisha jozi. Zikatoka sehemu nne. Tatu zina m ndani yake. Ya nne ni mchepuko mara mchepuko, na hiyo ndiyo inayotupwa. Ukishaitupa, kila spini hubaki peke yake ndani ya uga zJm, z ikiwa idadi ya jirani. Wastani wake ni tanh(zJm/kT), na wastani huo ndio m yenyewe. Nilifurahi mno! Nikachora pande zote mbili kwenye karatasi ya grafu: joto likiwa juu hukutana kwenye sifuri tu, likishuka chini ya zJ/k huzaliwa makutano mawili mapya, chanya na hasi. Sumaku imejitokeza bila uga wa nje. Pierre Weiss alikuwa na wazo la namna hii tangu 1907.

Je, kilichotupwa ni kikubwa kiasi gani? Kwa kimia cha mraba, nadharia inasema kTc/J ni 4, Tc ikiwa joto ambalo chini yake sumaku hujitokeza. Jibu kamili la Lars Onsager la 1944 ni 2.269. Kwa mchemraba ni 6 dhidi ya 4.51 hivi. Kwenye mstari mmoja inatabiri 2, ilhali Ising mwenyewe alionyesha kuwa hapo sumaku haijitokezi kamwe juu ya sifuri halisi. Jirani wakiwa wengi, michepuko hufutana. Wakiwa wachache, haifutani.

Kisha nikaandika programu fupi ya Metropolis, mbinu ya kugeuza spini moja moja kwa bahati nasibu kulingana na nishati na joto. kT/J ikiwa karibu na 2.27, skrini ilijaa visiwa vya +1 vya kila ukubwa. Ndani ya kisiwa jirani huchepuka pamoja, kwa hiyo ile sehemu ya nne haiwezi kupuuzwa. Anayeanza namshauri aiandike sehemu hiyo mapema, kabla hajagusa tanh.

Sasa niko kwenye mbinu ya Bethe ya 1935, inayohesabu spini moja na jirani zake kikamilifu. Kwenye mraba, 4 inashuka hadi 2.885.