Darasa Lililofuata Mbalamwezi

Kwa miaka 11 nimekuwa nikichaji betri na kukodisha taa kwa wavuvi wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa fundi wa kubahatisha. Betri ikikataa kushika chaji nilimwita kijana mmoja wa Igoma, naye akafungua, akafunga, akachukua fedha zake na kuniacha na ujinga wangu uleule. Nina umri wa miaka 46 na shule niliishia darasa la saba. Kufunga kibanda miezi kadhaa ili nikae darasani na vijana wa miaka 18 kulikuwa na maana moja tu kwangu, nayo ni watoto kulala njaa.

Mwaka jana, basi, nilijiandikisha katika mafunzo ya umeme wa jua yanayotolewa mtandaoni. Mafunzo ya kwanza, ambayo mtoaji wake simtaji, yalikuwa video tupu na maswali ya kuchagua jibu. Nilizitazama zote nikiwa nimejilaza kitandani, nikapata cheti chenye jina langu, na siku mbili baadaye mvuvi aliponiletea taa iliyozima niliigeuzageuza mkononi nisijue pa kuanzia.

Mafunzo ya pili yalianza kwa boksi lililofika kwa basi. Ndani yake mlikuwa na multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kontrola ndogo ya kuchajia, paneli ya wati 20, taa ya LED, nyaya na fyuzi. Betri kila mwanafunzi alitakiwa atumie aliyonayo. Kila somo lilikuwa na video fupi, ikifuatiwa na kazi ya mikono ambayo matokeo yake yalipaswa kutumwa kwa mwalimu kwa WhatsApp, kwa picha na kwa sauti. Mwalimu mwenyewe ni kijana wa rika la mwanangu wa pili, na hakuwahi kunieleza kosa langu lolote kabla ya kusema "Shikamoo, Mama", jambo ambalo kwa mtu mzima anayeona aibu kukosea lina uzito kuliko watunga mafunzo wengi wanavyodhani.

Makosa hayakukosekana. Katika somo la tatu nilipima ampea, kisha nikataka kupima volti za betri bila kuuhamisha waya mwekundu kutoka kwenye tundu la ampea. Cheche zikaruka, nami nikarusha nyaya chini. Nilimtumia mwalimu picha ya kioo cha multimita nikidai kuwa kifaa ni kibovu, lakini yeye akaomba picha ya meza nzima, na alipoiona akaniuliza swali moja tu: "Mama, waya mwekundu umeuchomeka tundu lipi?" Baadaye alinieleza kwamba kifaa hicho kinapopima ampea huwa kama kipande cha waya mtupu, hivyo kukigusisha kwenye ncha mbili za betri ni kuipiga shoti. Tangu siku ile naangalia tundu kabla ya kuangalia namba.

Somo lililonifaa zaidi ya yote lilitoka kwenye daftari langu mwenyewe. Mwalimu aliniuliza ni betri zipi hufa mapema, nami nilijua jibu bila kufikiri: ni zile zinazochukuliwa na wavuvi wa mbali, ambao huwasha taa hadi alfajiri. Akaniambia nizipumzishe betri zote kwa saa chache baada ya kuchajiwa, nizipime moja moja, kisha nilinganishe namba hizo na daftari la kukodisha. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, na ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Zile za wavuvi wa mbali zilikuwa zikirudi asubuhi chini kabisa ya hapo, na kila zinaponyonywa namna hiyo na kukaa bila chaji, chumvi ya salfeti hugandamana kwenye sahani za risasi zilizo ndani yake hadi nguvu ikapungua moja kwa moja. Miaka yote nilikuwa nikiwalaumu wauza paneli kwamba wananiuzia feki.

Lipo pia suala la muda, ambalo wengi hulipita haraka. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika na nyavu huanikwa. Mafunzo yanayodai kazi moja kila Ijumaa yangenishinda katika wiki za giza, ninapolala saa nne kwa siku. Haya yaliniruhusu kupakua masomo yote kwa bando la usiku na kuyafanya mwezi unapong'aa, hata mwalimu akazoea kuniuliza mwezi umefika wapi kabla ya kuuliza kazi iko wapi.

Mama yangu alipoliona boksi lile hakushangaa hata kidogo. Mwaka 1973 alikuwa katika kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima walikusanyika kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kwake yeye, mwalimu kuwa mbali na jembe kuwa mkononi ni mambo ya zamani.

Kuna ambayo boksi halikuweza kunipa. Kulehemu nyaya kwa risasi nilijifunza kwa kuketi karibu na fundi redio wa jirani, kwa sababu picha haionyeshi mkono unavyopaswa kutulia, wala simu haikuletei harufu ya waya unaoanza kuungua. Tena cheti cha mtandaoni hakimridhishi kila mteja. Kwa hiyo nimeomba kufanyiwa tathmini na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, katika utaratibu wao wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo nitatakiwa kufanya kazi mbele ya mtathmini. Nimewaomba tarehe iangukie kwenye mbalamwezi, na bado nasubiri jibu.