Nilimwambia Anywe

Neno lenyewe niliandika mimi, kwa kalamu ya wino mzito, juu ya boksi la dawa: KUNYWA 1 KILA ASUBUHI. Herufi kubwa, ili baba asihangaike kutafuta miwani. Nakumbuka hata nilivyojiona wakati ule, binti anayejua kumtunza mzazi.

Baba alikuwa na miaka 67. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ile ngao ya uso aliivua kwa sababu moja tu, avute sigara. Alipofanyiwa kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mrija mpaka mtu anaona nyota, daktari alituambia njia zake za hewa zimebana na hazitarudi zilivyokuwa. Ugonjwa sugu wa mapafu, akasema, si pumu ya kuja na kuondoka. Tukarudi nyumbani na dawa mbili. Moja ni pampu ya buluu, salbutamoli, ya kutumia pumzi zinapombana. Nyingine ni boksi la kapsuli za tiotropiamu, na pamoja nalo kidude cha plastiki chenye mfuniko, kinakaa kiganjani kama yai. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo na aliyetukabidhi dawa alikuwa na haraka. Mimi nilishika la idadi: kapsuli moja kwa siku, isizidi, hata kama ya jana imesahaulika asifidie kwa mbili.

Sasa, Kiswahili chetu kina tabia moja. Dawa ni ya kunywa. Ya maji inanywewa, kidonge kinanywewa, hata kile cha kutafuna utasikia mtu kakinywa. Nyumba yenye mgonjwa inaamka na swali hilohilo, "Umekunywa dawa?" Kwa hiyo nilipomwambia baba, "Hii utakunywa moja kila asubuhi," hakuna aliyeshtuka. Wala mimi sikujisikia nikisema kitu cha ajabu.

Zikapita siku 18. Nilitarajia nafuu, nikaona kinyume chake. Kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa anasimama mara moja kushika ukuta. Usiku nilisikia pampu kupitia ukutani, psst, psst, halafu kikohozi. Lililonitia hofu zaidi ni mikono. Ilianza kutetemeka. Asubuhi moja nilimkuta anahangaika na kifungo cha pili cha shati, vidole vinakipita tundu, anarudi, vinakipita tena. Nikapiga magoti nikamfungia. Aliangalia juu ya kichwa changu muda wote ule, hakusema neno. Nilijiambia uzee umefika, tena umefika na mizigo yake yote. Akaniambia pia moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala. Siku hiyohiyo nikampeleka kliniki.

Tulipokelewa na muuguzi wa kiume, kijana, mpole, hana haraka. Alimpima baba mapigo, akaweka kile kibanio kidoleni, akasikiliza mgongo. Kisha akauliza dawa anazitumiaje.

"Vizuri," baba akajibu.

"Hakosi hata siku moja," nikaongeza mimi, na nilikuwa nasema kweli.

"Sawa. Sasa mzee, hebu nionyeshe. Fanya kama uko nyumbani."

Baba akafurahi kidogo, kama mwanafunzi aliyeulizwa anachokijua. Akatoa kile kidude cha plastiki mfukoni, akafungua mfuniko, akainamisha, na kapsuli ikadondoka kiganjani. Akaitia mdomoni, akaangaza macho huku na huku, akaniambia, "Nipe maji, mwanangu."

Muuguzi alimzuia kwa kumgusa mkono. "Itoe kwanza, baba."

Baadaye ndipo nilipouelewa utaratibu wake wote, na mpaka leo sijui nicheke au nifanye nini. Kila usiku baba alikuwa anatoboa karatasi ya dawa, anaitoa kapsuli ya kesho, anailaza ndani ya kile kidude, anakifunga. Asubuhi anakifungua, anaitoa kapsuli na kuimeza. Alikichukulia kuwa kikopo cha kutunzia dawa ili asisahau wala asimeze mbili. Fundi ni fundi, ukimpa kifaa kisicho na maelezo atakitafutia kazi. Na kwa kufanya hivyo aliharibu mara mbili, maana kapsuli zile zinatakiwa zibaki kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kutumiwa. Zikikaa wazi, unyevu unauharibu unga uliomo.

Muuguzi akaomba aone boksi. Nikampa. Akasoma maandishi yangu, akaninyanyulia macho. Hakusema kitu. Baba ndiye aliyesema: "Mimi ndiye sikuelewa. Yeye aliniambia vizuri."

Hiyo sentensi ya baba iliniuma kuliko lile boksi.

"Haikumdhuru," muuguzi akasema, akinitazama mimi. "Dawa hii ikipita tumboni haifyonzwi sawasawa. Ni kama hakutumia kabisa." Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba ya dawa hii inayofika kwenye damu kwa njia ya tumbo ni asilimia 2 au 3 tu, na kwamba mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma kwa sababu watu walikuwa wanameza kapsuli za kuvuta. Kumbe wanaozungumza lugha nyingine nao walikuwa wanazimeza, kwa hiyo lawama yote siwezi kukitupia Kiswahili.

Halafu akaichukua pampu ya buluu. "Unatumia mara ngapi kwa siku?"

"Mbili, tatu."

Muuguzi akaigeuza. Nyuma kulikuwa na kidirisha chenye namba, ambacho sisi wote wawili hatukuwahi kukitazama: 020. Pampu ilianza na mibonyezo 200. Akauliza ilifunguliwa lini, akapiga hesabu kwenye pembe ya faili: 180 kwa siku 18, kumi kila siku. Kwa mibonyezo miwili kila mara, ni mara tano kwa siku. Baba akainamisha kichwa kama aliyekamatwa na sigara.

Hapo ndipo mikono yangu na mimi ikalegea. Ule mtetemo haukuwa uzee. Salbutamoli inalegeza misuli ya njia za hewa, lakini haikai kifuani peke yake. Ikizidi, mikono inatetemeka, moyo unakimbia. Pia inaweza kushusha potasiamu kwenye damu, ndiyo maana muuguzi aliagiza damu ipimwe na mapigo ya moyo yachorwe kabla hatujaondoka. Na kibaya zaidi, alisema, pampu ilikuwa inaficha habari. Mtu anayeihitaji mara tano kila siku anatoa taarifa kwamba kuna kitu hakiko sawa, na taarifa ile hakuna aliyeisoma. Akatuambia mara mbili: ikifika siku pampu haimpi nafuu, au nafuu haidumu, tusikae nyumbani tukibonyeza. Twende hospitali.

Kabla ya kumfundisha kuvuta kapsuli alimuuliza mambo mawili. Macho: amewahi kuambiwa ana presha ya macho? Hapana. Mkojo: unatoka bila shida? Baba akanitazama, nami nikageukia dirishani, nikaanza kusoma tangazo la kunawa mikono kana kwamba nina mtihani nalo. Nikasikia sauti ya chini ikisema huwa anaamka mara tatu usiku na mkojo unachelewa kuanza. Muuguzi alitoka, akarudi na jibu la daktari: aendelee na dawa, lakini mkojo ukigoma kabisa, au jicho likiuma na kuona ukungu, aje siku hiyohiyo. Na unga usimwingie machoni.

Kisha somo. Kapsuli mpya kutoka kwenye karatasi, mikono mikavu. Ndani ya tundu lake. Kufunga mpaka isikike tiki. Kubonyeza kitufe cha pembeni mara moja ili sindano mbili zilizo ndani ziitoboe, kisha kuachia. Kutoa pumzi yote, lakini pembeni, si ndani ya kifaa, maana mvuke wa pumzi utaugandisha unga. Midomo ibane, kichwa kiwe juu, kuvuta polepole kwa kina.

Baba akavuta. Kitu kikalia, krrrrr, kama mdudu aliyenaswa ndani ya kiberiti. Akashtuka, akakitoa mdomoni.

"Kimeharibika?"

"Hapana, baba. Ikilia ndiyo inafanya kazi. Isipolia, hujavuta kitu."

Akarudia. Ikalia. Akabana pumzi, muuguzi akihesabu kwa vidole, akaachia, akavuta tena mara ya pili kutoka kapsuli ileile kwa sababu mara ya kwanza haimalizi unga. Walipoifungua, kapsuli ilikuwa na matundu mawili na ndani kumebaki vumbi kidogo tu. Baba aliiangalia muda mrefu, akiigeuzageuza kwenye mwanga kama anavyokagua sehemu aliyochomelea.

Pampu ya buluu nayo ilikuwa na makosa yake. Alikuwa anabonyeza kwanza, anavuta baadaye, na nusu ya dawa inaishia kwenye ulimi. Akapewa chupa ya plastiki ya kuchomeka kati ya pampu na mdomo. Tikisa, bonyeza mara moja, vuta taratibu, bana pumzi, subiri, ndipo ya pili. Kuiosha ni kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe, isifutwe na kitambaa, kwani ikisuguliwa inapata umeme unaovuta dawa na kuigandisha ukutani mwake.

Usiku ule nilichukua kalamu ileile nikitaka kutupa boksi na kuandika jipya. Baba akalikataza lisitupwe. Akaniomba kalamu, akakata neno KUNYWA kwa mstari uliopinda, akaandika juu yake VUTA. Herufi zilitetemeka, T yake ilikuwa kama nge.

Wiki ya pili nilianza kutazama kidirisha cha pampu mpya kila Jumapili bila kumwambia. Jumapili ya kwanza kilisoma 188. Ya pili kilisoma 182. Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata nilimsikia chumbani, tiki, halafu ule mlio wa mdudu, halafu kimya, halafu sauti yake:

"Imelia!"

Alipotoka alikuwa amevaa shati, vifungo vyote vimefungwa, kimoja kimekosea tundu. Sikumwambia.