Köln: kuusoma mkono wa fundi kwenye kioo cha Kirumi

Kutoka stesheni kuu ya Köln, Ujerumani, nilitembea kama robo saa hadi karibu na uwanja wa Neumarkt. Jengo kuu la makumbusho ya Kirumi, ubavuni mwa kanisa kuu, lilikuwa kwenye ukarabati. Vyombo vya kioo vilikuwa vimehamishiwa hapa karibu na Neumarkt.

Anza na chupa za mraba. Ile samawati yenye ukijani haikutiwa na mtu, ni chuma kilichomo mchangani. Kioo kibichi kiliyeyushwa hasa pwani ya Shamu na Misri kwa mchanga na magadi, kikavunjwa mapande na kusafirishwa kwa meli, kisha mafundi wa mbali wakakiyeyusha upya. Aliyetaka kioo kisicho na rangi alitia antimoni au manganizi.

Sasa chuchumaa, uangalie shingo kwa ubavu. Viputo vya hewa vimerefuka kama punje za mchele, kwa sababu shingo ilivutwa kioo kikiwa bado laini. Kiwiliwili kilipulizwa ndani ya kalibu, ndiyo maana bapa zake zina mparuzo na kitako kina duara zilizochomoza. Mkono wa chupa, wa kuishikia, ulibandikwa begani kwanza, ukavutwa juu, ukakunjwa chini ya mdomo. Chupa ikiwa imepoa mno, mkono haushiki. Ukishika, unaachia ufa pale pale ulipounganishwa. Hatari hiyo haiishi hapo: sehemu nene hupoa polepole kuliko nyembamba, kwa hiyo chombo kilirudishwa kwenye tanuri la moto mdogo kipoe taratibu. Aliyeharakisha alikuta vigae.

Kitakoni tafuta kovu la mviringo. Hapo fimbo ya chuma ilishika chombo kilipokatwa kwenye bomba la kupulizia, ili mdomo upate kulainishwa motoni. Vikombe vingi visivyo na kovu hilo mdomo wake ulikatwa baridi na kusagwa. Ukingo ni mkali zaidi.

Kikombe cha wavu, yaani kilichozungukwa na wavu wa kioo, kilichofukuliwa mtaa wa Braunsfeld hapa Köln mwaka 1960, kina watazamaji wengi, na kinastahili. Lakini mimi nilikaa zaidi mbele ya chupa zenye nyuzi za kioo zilizojipinda kama nyoka, kazi iliyoipa Köln sifa karne ya 2 na ya 3. Uzi unapoanzia pana tone nene. Unapoishia, mkia mwembamba ulipokatwa. Ukifuata kutoka toneni hadi mkiani, unajua mkono wa fundi ulikwenda upande gani, na ni wapi ulisita.