Miwani ya Njano Iliyonidanganya Mvuani

Kwa karibu mwaka mzima niliendesha gari usiku wa mvua nikiwa nimevaa miwani ya njano, kwa kuwa aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ingepasua ukungu, na kwa kweli kila nilipoivaa nilihisi nimechangamka macho. Sikujua kwamba lenzi yenye rangi hupunguza mwanga unaofika jichoni, na usiku mwanga wenyewe ni haba. Hata hoja ya ukungu haina mashiko: matone yake ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo huitawanya njano karibu sawasawa na rangi nyingine.

Nilizinduka usiku nilipomwona mwendesha baiskeli mwenye koti jeusi akiwa amebakiza hatua chache tu kufikia bampa. Kesho yake nilikwenda kupimwa macho, ikaonekana kwamba sioni vizuri mbali, kasoro ya nusu dayopta tu (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), ambayo mchana sikuihisi lakini usiku, mboni inapotanuka, ilitosha kuzivimbisha taa za magari yaliyokuja mbele yangu zikawa kama maua ya alizeti. Nilitengenezewa lenzi zisizo na rangi, zenye utando wa kuzuia mng'ao. Lenzi ya plastiki ya kawaida hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na utando huo huifikisha karibu na 99. Tofauti hiyo niliidharau mpaka nilipoona taa za gari la nyuma hazijichori tena ndani ya miwani yangu.

Mchana, jua linapochomoza baada ya mvua na lami ikang'aa kama kioo, huvaa miwani ya jua ya polaraizi, ambayo huzuia mng'ao unaoakisiwa na maji ya barabarani. Kero yake ni kwamba skrini ya dashibodi hufifia, nami hulazimika kuinamisha kichwa kidogo ndipo niisome. Wingu likirudi, naivua.

Kilichobaki kunisumbua kilikuwa mvuke, kwani nikiingia garini nimelowa, lenzi na kioo cha mbele hufunga ukungu pamoja. Sasa huwasha kiyoyozi hata kukiwa na baridi, maana hukausha hewa, na huruhusu hewa ya nje iingie. Nilipokuwa nikifuta kioo hicho kwa ndani siku moja, kitambaa kilitoka na utando wa kijivu wenye mafuta, na usiku ule ukungu hafifu niliokuwa nikiulaumu kwenye lenzi mpya haukuonekana tena.