Kikohozi cha Julai: ninavyotumia asali, tangawizi na chumvi nyumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi hushinda chini ya mawingu, na Julai ndipo baridi hukaza kabisa. Madirisha ya darasa yanafungwa, mtoto mmoja anapiga chafya, na wiki inayofuata nusu ya darasa inakohoa. Mafua haya huletwa na virusi, si kutembea bila soksi, kwa hivyo antibiotiki haziyagusi. Mwili hujiponyesha wenyewe. Kazi yangu ni kumsaidia mtoto alale, anywe na apumue bila shida huku nikichunga dalili za kitu kibaya zaidi.

Kama ningeambiwa nibaki na kitu kimoja tu, ningebaki na asali. Hulainisha koo na kupunguza kukohoa usiku, na imeshapimwa kwa watoto. Kipimo ninachofuata ni nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, kijiko 1 kwa wa miaka 6 hadi 11, na vijiko 2 kwa aliyefika miaka 12. Mtoto aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka 2 simzidishii nusu kijiko. Nampa ikiwa tupu, kama nusu saa kabla ya kulala, na mswaki unakuja baada ya asali, si kabla. Natumia kijiko cha mililita 5 kinachokuja na chupa ya dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani hata vile vya seti moja.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haonji asali hata kidogo, hata ya kupakwa kwenye nyonyo. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulismu. Tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, nazo hutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Kuichemsha hakusaidii, kwani mbegu hizo hustahimili moto wa jikoni. Hapa sikubali kushawishiwa na shosho yeyote, hata nimheshimu vipi.

Kuhusu kununua: kuwasha asali kwa kiberiti au kuidondosha kwenye glasi ya maji hakuthibitishi chochote, kwa kuwa sukari iliyopikwa ikawa nzito hupita mitihani hiyo vizuri tu. Asali kuganda nako si ushahidi kwamba imetiwa sukari. Asali halisi nyingi huganda, hasa wakati wa baridi. Nasimamisha chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu nje ya moto, inalainika yenyewe.

Tangawizi ni ya pili, na sitaki kuisifu kupita kiasi: sehemu kubwa ya faida yake ni kinywaji cha moto kinacholegeza makohozi. Nachukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Tangawizi ya mama mboga huja na udongo uliojificha kwenye maungio, kwa hivyo naivunja pale inapogawanyika na kuisugua kwa brashi. Simenyi. Naitwanga kwenye kinu, naitia katika vikombe 3 vya maji, na ikichemka napunguza moto na kufunika kwa dakika 10. Naepua, nachuja, halafu ndipo nakamulia nusu limau. Wengi hutumbukiza limau zima na maganda yake tangu mwanzo, kisha wanashangaa mbona kinywaji ni kichungu. Asali inaingia mwisho, kikiwa kimepoa kiasi cha kunyweka.

Hiyo ni nguvu ya mtu mzima. Kwa mtoto aliyepita miaka 2 nachanganya sehemu 1 ya maji hayo ya tangawizi na sehemu 2 za maji ya kawaida, na nusu kikombe kinatosha kwa mara moja. Ikiwa kali humchoma kifuani, akatapika na kile chakula kidogo alichokubali kula. Asipoitaka simlazimishi; supu ya kuku, uji mwepesi au maji ya uvuguvugu hufanya kazi ileile. Anayenyonya ananyonya mara nyingi zaidi, basi.

Kwa mtoto mchanga tatizo kubwa ni pua, kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa mdomo kwa wakati mmoja. Hapa chumvi inashinda kila kitu. Nachemsha maji, napima mililita 250, nakoroga chumvi isiyofika nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Ikizidi, pua inawasha na mtoto anapiga kelele. Ikipungua sana, maji matupu pia huwasha. Yakishapoa namlaza chali, bega limeinuliwa kidogo kwa leso iliyokunjwa, nadondosha matone 2 kila tundu. Nasubiri kama dakika moja kamasi ilegee, ndipo naifuta au kuivuta kwa kipira cha kufyonzea. Ukivuta papo hapo hutoi kitu, unaumiza ngozi ya ndani tu. Nafanya hivyo kabla ya kunyonya, si baada, asije akatapika. Maji yaliyobaki namwaga jioni na kesho natengeneza mengine.

Kujifukiza kwa beseni chini ya blanketi siruhusu kwa mtoto. Faida yake ni ndogo na maji yakipinduka anaungua vibaya. Kitunguu saumu kilichopondwa sikipaki kwenye ngozi, kinababua. Kitunguu maji ndani ya soksi hakidhuru wala hakisaidii. Mafuta yenye kafuri na mentholi hayapakwi mtoto wa chini ya miaka 2, wala hayaingizwi puani kwa umri wowote.

Na jiko la makaa halilali ndani. Baridi ya Julai ndiyo huwashawishi watu kuliingiza chumbani na kufunga dirisha, na hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Hata moshi pekee unatosha kuzidisha kikohozi. Ni afadhali blanketi la pili na kofia.

Usiku nahesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nafunua fulana, naweka saa ya simu dakika 1 nzima na kuhesabu kila tumbo linapopanda. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hudanganya, kwani watoto hupumua kwa kasi kisha wakapunguza. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: hiyo huenda ni nimonia, na hakuna tangawizi ya kuitibu. Vivyo hivyo nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani anapovuta hewa, akitoa sauti ya kukoroma akivuta pumzi ametulia, midomo ikibadilika rangi, akishindwa kunywa, au akilegea. Hapo sisubiri asubuhi. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 akipata joto jingi anapelekwa hospitali hata kama anapumua vizuri.

Homa inachanganya watu wa Nairobi. Malaria si kawaida hapa mjini, lakini kama mtoto ametoka ushago upande wa Ziwa, Magharibi au Pwani wiki chache zilizopita, naomba apimwe damu hata kama anakohoa na mafua yanaonekana wazi. Kikohozi cha mafua kinaweza kuburuta wiki mbili huku kikipungua. Kikipita hapo, au mtoto akikonda, au nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa muda mrefu, nataka apimwe kifua kikuu pia.

Kwa kuwa mchana dada wa kazi ndiye anayebaki na mtoto, tunabandika karatasi kwenye mlango wa friji: saa, alichopewa, kiasi gani, mara ngapi amekojoa. Dawa ya homa ndiyo hurudiwa zaidi, mama anampa akitoka na dada anampa saa mbili baadaye bila kujua. Tukienda kliniki karatasi hiyo inaingia kwenye mkoba pamoja na kitabu cha kliniki, na daktari anasoma kila kitu, hata mitishamba aliyopewa na jirani.